Samus wa Ultimate: mhusika anayepiga kwa mbali mnampimaje nguvu yake?

#1 MtotoWaChumbageni
Salaam wakuu.

Nacheza Super Smash Bros. Ultimate, ile gemu ya Nintendo ya kupigana hadi umrushe mwenzako nje ya jukwaa, tangu 2019, na mhusika wangu ni Samus, yule mwenye bunduki mkononi, sina mwingine. Hapa Tanga tupo watu saba tunaokutana kila Jumamosi kwa jamaa mmoja mwenye Switch, na kati yao hakuna anayenitoa kirahisi. Mpira wangu wa nishati ukishajaa chaji, mtu anaanza kutembea kama anavuka barabara kuu usiku: hatua moja, anasimama, anaangalia, anarudi nyuma.

Sasa kila orodha ya madaraja ninayoikuta mtandaoni inamweka Samus juu ya katikati tu. Kumi bora hayumo. Nimefikiri sana na nimefika hapa: orodha zinawaonea wapiga mbali. Watu hawapendi kucheza nao, basi wanawashusha. Kama sivyo, nipeni kipimo chenu. Mhusika ambaye kazi yake ni kukuzuia usimfikie, nguvu yake mnaipimaje?

Nawasilisha.

#2 BabuPedi
Watu saba mnaojuana, mkuu, hapo hamjapima kitu. Hiyo ni familia. Wewe umewafundisha kukuogopa, wao wamekufundisha kurusha.

Waulize swali moja tu. Kati yao nani anajua kwamba ngao ukiiachia kombora linapogusa, ndani ya fremu 5 (fremu ni picha moja ya skrini), unawahi kuondoka kuliko yule aliyeing'ang'ania? Gemu inakwenda fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo nafasi yenyewe ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ni ngumu lakini inajifunzika, na mpira wa Samus ni rahisi kuusoma kuliko teke la mtu aliyekukaribia, maana unauona unatoka mbali.

Mpiga mbali huonekana mkubwa kuliko alivyo mahali ambapo watu hawajajifunza kumfikia. Ndiyo maelezo yangu yote.

#3 MtotoWaChumbageni
BabuPedi, wanaojua ni wawili. Na hao wawili ndio wanaonisumbua, nakiri. Lakini bado nawashinda mara nyingi zaidi.

#4 NyaliKona
Mambo. Mimi nachezea Mombasa, na kipimo changu kiko tofauti kabisa na cha BabuPedi. Mimi nikimpima mpiga mbali nayasahau makombora yake. Namuuliza: mtu akishafika usoni pako, unatokaje?

Angalia Snake. Ukimfikia, ameshika guruneti mkononi. Ukimpiga, linalipuka nanyi wote wawili. Yaani hata ukishavuka uwanja mzima bado hujafika, na ndiyo maana Snake wanamweka juu. Angalia Min Min: mikono yake inafika mbali kuliko panga za wengi, lakini mrushe juu tu, au mtoe nje ya jukwaa, uone anavyohangaika kurudi. Sasa Samus. Kamba yake ya kukamatia inatoka taratibu, ukiikwepa una muda wa kumpiga utakavyo. Mtu kama Fox au Pikachu akishamshika pale karibu, Samus anakula mapigo manne matano kabla hajapumua.

Makombora yote mazuri. Lakini kila roho (uhai mmoja wa mechi) unayopoteza unaipotezea karibu, huipotezei mbali. Kwa hiyo pima pale.

#5 Mzee_wa_Fremu
NyaliKona umesema kweli nusu. Samus ana ule mzunguko wa kupanda juu, unatoka kwenye ngao haraka sana. Mtu akipiga ngao yake ovyo, anachukuliwa nao. Na ana mabomu, anajikunja mpira na kubadilisha mwendo wa kuanguka, humjui atatua wapi. Halafu ni mzito: uzito wake 108, wakati Pichu ana 62 na Jigglypuff 68. Mhusika mzito anayekaa mbali anakupa makosa mengi ya kufanya kabla hujafa. Hilo nalo ni nguvu, na hakuna anayelihesabu.

#6 NyaliKona
Nimekubali kuhusu mzunguko, niliusahau. Lakini anayeujua anasimama mbele ya ngao na kungoja utoke, halafu Samus anaanguka hana la kufanya. Tumerudi palepale kwa BabuPedi, nani anajua nini.

#7 Nahodha_Muscat
Assalaam alaykum. Mleta mada hukusema jambo moja la muhimu: mnacheza mkiwa chumba kimoja au mtandaoni?

Nauliza kwa sababu mimi niko Muscat, wenzangu wa kucheza nao wako Dubai, Zanzibar na mmoja Uingereza. Ultimate mtandaoni haitabiri wala kurudisha fremu nyuma kurekebisha. Inachelewesha tu vidole vyako hadi mashine mbili zikubaliane. Ukicheza na mtu wa mbali, unabonyeza ngao na ngao inakuja baada ya kufikiri. Katika hali hiyo Samus kwangu ni mhusika mwingine kabisa. Mpira unaoweza kuuona na kuukwepa chumbani, mtandaoni unauona vizuri sana na unakupiga vilevile.

Mwaka 2020, mashindano yalipohamia mtandaoni kwa ajili ya korona, watu wengi walianza kulalamikia wapiga mbali. Wahusika hawakubadilika kwa kiasi kile. Waya ndio uliobadilika. Kwa hiyo nasema kila mhusika wa namna hii ana nguvu mbili, ya chumbani na ya mtandaoni, na orodha ikizichanganya inadanganya.

#8 MtotoWaChumbageni
Chumba kimoja, Nahodha. Intaneti ya hapa hainiruhusu hata kujaribu. Kwa hiyo hoja yako inanisaidia mimi!

#9 Nahodha_Muscat
Inakusaidia kwa hilo moja. Usishangilie mapema.

#10 Mpemba_Minnesota
Niko Minneapolis, kuna kikundi cha kila wiki hapa nakwenda, na kisa changu ni hiki. Nilikuwa na Samus kwa karibu mwaka mzima. Wiki nzuri nilikuwa nafika mbali kwenye droo, natoa watu wanaonizidi uzoefu. Halafu kuna kijana mmoja wa Mr. Game & Watch, mtu mpole, haongei.

Mara ya kwanza kukutana naye nilijaza mpira, nikaurusha. Akatoa ndoo. Mpira ukaingia ndani ya ndoo kama maji. Nikasema hiyo bahati. Nikajaza wa pili, nikasubiri aruke, nikarusha. Ndoo tena. Wa tatu sikuurusha. Nilisimama nao mkononi, naye akaja akitembea tu, hakukimbia, kwa sababu alijua siwezi kuurusha. Ndoo ikijaa mara tatu anakumwagia yote, na ukubwa wa pigo unategemea ulichomlisha. Nilicheza roho mbili zilizobaki kama mtu aliyefungwa mkono mmoja.

Nilichojifunza: mpiga mbali haumpimi kwa anavyowafanya wanyonge. Pima droo. Kwenye mashindano ya watu thelathini utapita kwa Fox mwenye kioo chake, Mario na joho, Ness anayemeza nishati na kupona nayo, Palutena, Zelda, Wolf. Wote hao wana namna ya kukurudishia au kukunyang'anya. Ukimkuta mmoja tu njiani, na yule mtu anajua kazi, jioni yako imekwisha. Mhusika wa karibu hana adui wa namna hiyo. Hakuna kitufe cha kurudisha ngumi.

#11 DogoKisauni
Kuna kitufe cha kurudisha ngumi mkuu, kinaitwa kaunta. Marth, Lucina, Ike, Roy na wenzao wamejaa nazo.

#12 Mpemba_Minnesota
DogoKisauni umenikamata hapo. Lakini kaunta ukiikosea unaadhibiwa kwa sababu adui yuko jirani. Ndoo ukiikosea kwa umbali wa jukwaa zima, nani anakuadhibu? Tofauti iko hapo.

#13 Kitwana
Mpira wa Samus uliojaa unamwongezea adui asilimia 28 za maumivu. Kwa mpira mmoja hiyo ni nyingi mno kumwacha mhusika nje ya kumi bora.

#14 Mzee_wa_Fremu
28 ndiyo namba ya msingi, mkuu. Mkiwa wawili tu bila vitu vya kuokota, Ultimate inazidisha kila pigo kwa 1.2. Kwa hiyo kwenye mashindano ni 33.6. Lakini namba hiyo haikuambii kitu peke yake. Kikubwa ni kwamba Samus anaweza kuuhifadhi ule mpira, akatembea nao, na katika Ultimate anaweza kuuchaji hata akiwa hewani, jambo ambalo matoleo ya zamani hayakuruhusu. Maana yake mara nyingi anafanya kazi bila kuurusha. Yule mtu wa barabara kuu usiku aliyemwelezea mleta mada, anaogopa gari ambalo halijapita bado.

Ndiyo maana napingana na NyaliKona. Kombora lililo mkononi linabadilisha mwendo wa adui, na mwendo uliobadilika ndio unaokupa pigo la karibu. Ukihesabu mapigo ya makombora tu, umekosa zaidi ya nusu.

#15 Gwiji_la_GameCube
Nimewasoma wote. Naona mmekaa kwenye Ultimate tu, wakati Melee, Smash ya GameCube, ilishajibu swali hili tangu 2001.

Chukueni wahusika watatu wanaorusha vitu kule. Fox anafyatua mionzi inayoumiza lakini haimsimamishi mtu. Falco anafyatua mionzi ileile kwa sura, ila ya kwake inamshtua anayepigwa, anasita kidogo. Samus ana makombora yenye nguvu kuliko yote hayo. Kama umbali na nguvu ya kombora ndivyo vipimo, Samus angekuwa juu. Lakini Fox na Falco ndio wa juu na Samus yuko chini yao, miaka yote.

Kwa nini? Mtazameni Falco anavyotumia mwonzi wake. Anaruka chini chini, anafyatua kabla ya kutua, mwonzi unakwenda mbele yake naye anaufuata nyuma. Ukisita tu, ameshafika. Hautumii kumfukuza mtu, anautumia kama kamba ya kumvutia. Kombora la Samus linasema "kaa huko", mwonzi wa Falco unasema "usiondoke, nakuja". Mimi napima hivyo: baada ya kurusha, unaweza kwenda wapi?

Na bado nawapa heshima wachezaji waliomshikilia Samus kule. HugS alimbeba miaka na miaka. Plup naye alijulikana kwa Samus kabla watu hawajamzoea na Sheik, ambaye alichukua naye mashindano ya Genesis 5 mwaka 2018.

#16 BabuPedi
Gwiji, hoja ya Falco nimeipenda. Ila umeisahau ile ya Armada, na ni ya Melee hiyohiyo. Mswidi yule alikuwa mtu wa Peach. Alipokuwa anasumbuliwa na Jigglypuff wa Hungrybox, alimtoa Young Link: mabomu, mishale, bumerangi. Jigglypuff kule ni mwepesi, anaishi hewani, na anatafuta pigo moja la karibu la kukumaliza. Young Link akamjazia hewa ile vitu. Young Link si mhusika wa juu kwenye Melee hata kidogo, lakini kwa kazi ile moja alifaa.

Kwa hiyo kuna wapiga mbali ambao ukiwauliza "una nguvu kiasi gani" umeuliza vibaya. Uliza "una nguvu kwa nani".

#17 Gwiji_la_GameCube
Kweli kabisa, nilipaswa kuiweka.

#18 Shangazi_Sheik
Habari za jioni. Mimi nauliza: hizo orodha mnazobishania zinatoka wapi? Zinatoka kwenye matokeo. Na matokeo yanategemea nani amemchukua mhusika gani.

Byleth alipotoka Januari 2020 wengi walimwona mzito na wa kawaida. Halafu mchezaji MkLeo, huyohuyo aliyechukua mashindano ya EVO 2019 na Joker mbele ya mchezaji mwenzake Tweek, akamshika Byleth na kuanza kuwatoa wakubwa naye. Byleth akapanda machoni pa watu. Upinde ni uleule, mkuki uleule. Au tazameni aMSa na Yoshi wake kwenye Melee: gemu ya 2001, Yoshi kwa miaka mingi alihesabiwa mnyonge, mtu mmoja kutoka Japani akakaa naye hadi akashinda The Big House 10 mwaka 2022. Kama aMSa angependa gari badala ya gemu, leo tungekuwa tunaandika hapa kwamba Yoshi wa Melee hawezi kushinda mashindano makubwa.

Sasa wapiga mbali wana tatizo lao hapa. Wachezaji wenye vipaji vikubwa wanapenda wahusika wanaowapa kazi ya mikono, wakimbie, waunganishe mapigo. Wachache wanakaa na Samus miaka kumi. Basi matokeo ya Samus ni ya wachache, na orodha inapima uchache huo. Mtoto wa Chumbageni ana haki ya kulalamika, ila sababu yake siyo. Hakuna anayemwonea. Watu wa kumpandisha ndio wachache.

#19 NyaliKona
Shangazi, hapo nabisha kidogo. Wenye vipaji wanakwenda kwa wahusika wanaoshinda. Wangeona pesa kwa Samus wangejaa kwa Samus. Angalia Steve: alipoonekana ana nguvu kupita kiasi, waliokuwa hawamtaki wakamchukua, hadi mashindano mengine yakampiga marufuku.

#20 Shangazi_Sheik
Steve anajenga ukuta, anachimba, anaunganisha mapigo karibu kuliko wengi. Huyo si wa kundi la Samus. Umenipa mfano wa mtu anayecheza kila mahali.

#21 NyaliKona
Basi ndiyo hoja yangu ileile, Shangazi: wanaochukuliwa ni wale wanaoweza kucheza karibu!

#22 Kitwana
Hapo Shangazi kashikwa 😄

#23 Shangazi_Sheik
Sijashikwa. Nimekaa kwenye ukingo tu, narudi.

#24 Mzee_wa_Fremu
Niongeze kitu kuhusu muda. Marekebisho ya mwisho ya nguvu za wahusika wa Ultimate yalitoka Desemba 2021. Tangu hapo hakuna pigo lililoongezwa wala kupunguzwa. Lakini maoni ya watu juu ya wahusika yameendelea kusogea. Gemu imesimama, watu ndio wanaotembea. Mpiga mbali kwa kawaida huanza juu, kwa sababu siku ya kwanza hakuna anayejua kumfikia, halafu hushuka kadiri watu wanavyozoea. Mnakumbuka King K. Rool siku za mwanzo? Mtandaoni alikuwa kama jini, kila mtu analia na taji lake na bunduki yake. Leo nani anamlilia?

Min Min, yule wa mwisho kuongezwa, ndiye alikwenda kinyume: alidharauliwa kwanza, wakamwelewa baadaye.

#25 DogoKisauni
Wa mwisho kuongezwa ni Sora, Oktoba 2021. Min Min alitoka Juni 2020, alifungua lile fungu la pili la wahusika wa kununua.

#26 Mzee_wa_Fremu
Sahihi, asante dogo. Hoja inabaki ileile.

#27 Fundi_Kariakoo
Naomba niseme lililo moyoni mwangu. Mimi sipendi kucheza na Samus, sipendi kucheza na Min Min, na sioni haya kulisema. Nilikuja kupigana. Nikikaa dakika saba naruka mipira ya moto, mwisho wa mechi naona nimefanya kazi ya mtu mwingine. Nashinda na bado sifurahi. Tunapopanga madaraja tusidanganyane kwamba hisia hizo hazimo.

#28 MtotoWaChumbageni
Fundi, asante kwa ukweli. Hicho ndicho nilichokuwa nasema tangu posti ya kwanza.

Lakini nami nina langu. Nikirusha kombora la kufuata, nikalifuata na la kwenda moja kwa moja, nikaruka na kutoa kamba hewani mtu anapokwepa la pili, hiyo ni kazi. Nahesabu mwendo wako, nahesabu roho yako ina asilimia ngapi, nahesabu utarukia wapi. Kukaa mbali si uoga. Mvuvi anayekaa na mshipi hajaiogopa bahari.

#29 Fundi_Kariakoo
Sikusema uoga, ndugu yangu. Nimesema mimi ndiye samaki.

#30 Nahodha_Muscat
Fundi kagusia dakika saba. Hilo nalo lina uzito na hamjalizungumza. Roho 3, dakika 7. Mhusika akiongoza, si lazima aje tena kwako. Ukiwa na mpiga mbali na umetangulia kwa roho moja, saa inakuwa mchezaji wako wa pili. Sheria hiyohiyo ungeiandika dakika 20, Samus angepungua nguvu bila kuguswa hata fremu moja. Kwa hiyo sehemu ya nguvu yake iko kwenye karatasi ya sheria.

#31 Mpemba_Minnesota
Na majukwaa pia. Watu wanadhani Final Destination, ile sakafu tupu, ni peponi kwa mpiga mbali. Mimi nilikuwa nairukia kila nikipewa nafasi ya kuchagua. Baada ya muda nikaanza kuchagua yenye vibao vya juu, kwa sababu kwenye sakafu tupu nikibanwa pembeni sina pa kukimbilia, na kila anayerudisha mpira anaurudisha moja kwa moja usoni. Kwenye vibao naweza kupanda, nikaangusha bomu, nikashuka upande wa pili.

#32 NyaliKona
Mimi nikimkuta Samus nafurahi nikiona vibao. Napita juu ya makombora.

#33 Mpemba_Minnesota
Basi wewe na mimi tukikutana tutachagua jukwaa moja, kila mtu akiamini kamwibia mwenzake.

#34 Kiroboto_wa_Brawlhalla
Samahani naingia na gemu yangu. Sina Switch, nacheza Brawlhalla kwenye simu, haina gharama. Kule hata upinde wenyewe hupigi mbali kama jina linavyosema. Silaha ya mbali kweli ni kuitupa silaha uliyoshika, na ukiitupa umebaki mikono mitupu hadi uokote nyingine. Kwa hiyo kila kurusha kuna bei unayoiona. Naona hilo ndilo linakosekana hapa: Samus anapokosa, analipa nini?

#35 BabuPedi
Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu, na limetoka kwa mtu wa simu. Samus akiukosa mpira uliojaa, analipa muda wa kuujaza upya. Katika muda huo yeye ni mhusika mwingine, na wanaojua wanamvamia hapohapo.

#36 MtotoWaChumbageni
Wakuu nimerudi. Jumamosi tumefanya jaribio, nimetumia mawazo yenu mawili.

La kwanza, nilicheza mechi zangu za mwanzo bila kuchaji kabisa, ili nione kinachobaki, kama alivyosema NyaliKona. Nilipigwa na watu ambao sijawahi kupigwa nao. Lakini kuna kitu kilinishangaza: kamba ya hewani na lile kombora la kufuata vilinibeba zaidi ya nilivyodhani. Mechi ya mwisho na jamaa wa Captain Falcon nilimshinda bila mpira hata mmoja. Yeye aliendelea kutembea kwa woga uleule, anaangalia mkono wangu, na mkono haukuwa na kitu.

La pili, nilimpa mdogo wangu Samus, mimi nikachukua Falcon. Nilidhani nitamla, kwani najua kila anachoweza kufanya. Hatua, ngao, hatua, ngao. Mara mbili niliachia ngao kwa wakati nikamfikia, nikamtoa. Mara ya tatu alirusha mpira nilipokuwa katikati ya hatua, siyo kwenye ngao. Nilikuwa najua unakuja. Nilikuwa nauona. Mkono haukuwahi. Nilirushwa hadi nje, nikamsikia mdogo wangu anapiga kelele hadi mama akauliza kuna nini.

#37 NyaliKona
Jaribio la kwanza linaniunga mkono: ukiondoa mpira, ulipigwa karibu.

#38 Mzee_wa_Fremu
Jaribio hilohilo linaniunga mkono mimi. Falcon aliuogopa mpira ambao haukuwepo.

#39 Shangazi_Sheik
Nami naona jambo la tatu. Mdogo wako amekushinda na Samus kwa siku moja. Mpe mwaka.

#40 Gwiji_la_GameCube
Mtoto wa Chumbageni, mechi mliyocheza bila mpira, ulikuwa unaelekea wapi baada ya kurusha kombora? Mbele au nyuma?

#41 MtotoWaChumbageni
Gwiji, nimelifikiria swali lako usiku kucha. Nyuma. Karibu kila mara nyuma. Isipokuwa ile mechi ya mwisho na Falcon, pale nilikuwa nalifuata kombora.

#42 Gwiji_la_GameCube
Haya.

#43 BabuPedi
Bado kuna jaribio moja hamjafanya. Kati ya wale saba hakuna hata mmoja wa ndoo, sivyo?

#44 MtotoWaChumbageni
Hakuna. Ila mdogo wangu amesoma uzi huu tangu jana. Leo asubuhi nimemkuta kwa jamaa, peke yake, chumba cha mazoezi. Kamweka Samus wa kompyuta upande wa pili anarusha, na yeye ameshika Mr. Game & Watch.